Plastiki zenye Kumbukumbu ya Umbo katika Vipande vya Sikioni: Suala la Halijoto na Shinikizo

Mfereji wa sikio la mtu mzima una urefu wa takriban milimita 25 na kipenyo cha milimita 7 hivi, nao haukunyooka bali umepinda mfano wa herufi S. Theluthi yake ya nje imezungukwa na gegedu na hubadilika umbo kila taya linaposogea, ilhali sehemu ya ndani imekaa juu ya mfupa na ngozi yake ni nyembamba mno. Kipande kinachoingizwa humo hudaiwa mambo mawili yasiyopatana kwa urahisi. Kisipoziba, sauti nene huvuja na shimesikio hupiga mluzi, kwa kuwa sauti iliyokwisha kukuzwa huirudia maikrofoni. Kikiziba kwa kubana, ngozi huuma na shimesikio huishia kabatini. Kalibu za silikoni au akriliki hupunguza tatizo hili, lakini alama ya sikio huchukuliwa taya likiwa katika mkao mmoja tu, na kazi hiyo huhitaji fundi, maabara na siku za kusubiri.

Makala haya yanaeleza namna plastiki zenye kumbukumbu ya umbo zinavyoweza kutumika badala yake, na mahali ugumu halisi ulipo. Polima ya aina hii ina viungo vya kikemikali vinavyoifunga minyororo ya molekuli pamoja na kuhifadhi umbo asilia. Minyororo yenyewe hukakamaa chini ya halijoto ya mpito wa kioo na kulegea juu yake. Kipande kikipashwa joto, kikabanwa kiwe chembamba, kisha kikapozwa kingali kimebanwa, hubaki hivyo. Kikipata joto tena, minyororo hurejea katika mpangilio wake huru na kipande hutanuka. Wazo si geni: hataza ya Marekani ya mwaka 1941 iliyohusu resini za methakrilati ilikwisha kulitaja, na mafundi umeme hulitumia kila siku katika mirija inayonywea kwa joto.

Halijoto ya mpito huweza kuchaguliwa kwa kuchanganya monoma. Polima ya methili akrilati hupita mpito huo karibu na nyuzi 10 za Selsiasi, na ya isobonili akrilati karibu na nyuzi 94. Uwiano wa mchanganyiko huamua thamani iliyo kati ya hizo. Kwa kuwa mfereji wa sikio una nyuzi 35 hadi 37, ingeonekana kwamba nyuzi 33 zingefaa. Hata hivyo, mpito huo si nukta bali ni ukanda, ambao mara nyingi una upana wa nyuzi kumi au zaidi, na unyevu wa jasho huushusha. Katika ghala la Dar es Salaam mwezi Februari, halijoto hupita nyuzi 30 bila shida. Kipande kilichobanwa kiwandani kingetanuka ndani ya pakiti yake kabla ya kumfikia mtumiaji. Kupandisha mpito hadi nyuzi 45 huokoa hifadhi lakini huharibu matumizi, kwani plastiki hiyo itakuwa ngumu kama kioo sikioni. Suluhisho lililo rahisi zaidi, ingawa halina fahari ya kikemia, ni kukihifadhi kipande ndani ya ala ngumu inayovuliwa wakati wa kukivaa. Hata ghala likipata joto, ala hukizuia kutanuka.

Suala la shinikizo ni zito zaidi, na hesabu yake ni fupi. Damu hupita kwa shida katika kapilari za ngozi pale shinikizo la nje linapozidi takriban kilopaskali 4. Tuseme polima iliyolegea ina moduli ya unyumbufu ya megapaskali 1, na kipande, baada ya kuugusa ukuta wa mfereji, bado kinadai kutanuka kwa asilimia 10. Mkazo unaobaki ni takriban kilopaskali 100, yaani mara 25 ya kikomo hicho. Polima ile ile ikifanywa sponji yenye msongamano wa asilimia 20 tu ya polima tupu, moduli hupungua kwa kadiri ya mraba wa uwiano huo, hadi kilopaskali 40, na mkazo hushuka hadi kilopaskali 4. Hapo ndipo penye mpaka, wala si penye usalama. Hivyo ama sponji iwe nyepesi zaidi, ama umbo asilia lisipite kipenyo cha mfereji kwa kiasi kikubwa.

Sponji yenye vitundu vilivyo wazi, hata hivyo, hupitisha sauti. Inahitaji kufunikwa na utando mwembamba usio na vitundu, na utando huo usiwe mgumu kiasi cha kurudisha shinikizo lililokwisha kuondolewa. Aidha, monoma za akrilati zisizoungana hujulikana kuleta mzio wa ngozi, na sponji, kwa eneo lake kubwa la ndani, huzitoa kwa urahisi zaidi kuliko kipande kizima. Kwa sababu hiyo kuiosha na kuipasha joto baada ya upolimishaji ni hatua isiyorukwa, na kipimo cha mabaki ya monoma hufanywa kabla ya mtu yeyote kukijaribu kipande sikioni mwake.