Kiwanda kilipofungwa, msaada ulikuwa na tarehe zake

JULAI 30, 2003, wafanyakazi wa kiwanda cha taulo na mashuka cha Pillowtex mjini Kannapolis, jimbo la North Carolina, Marekani, waliambiwa kazi imekwisha. Kampuni ilikuwa imezidiwa na madeni, na taulo za bei nafuu kutoka ng'ambo zilikuwa zimejaa madukani. Watu wapatao 4,800 wa jimbo hilo walipoteza ajira kwa mkupuo mmoja. Majina ya bidhaa yakauzwa, na taulo zenye nembo zile zile zikawa zinafumwa nje ya nchi.

Wengi wa walioachishwa waliingia kiwandani wakiwa vijana, bila kumaliza sekondari, kwa kuwa mashine za kufuma hazikudai cheti. Sasa kila walikobisha hodi waliulizwa cheti.

Kwa watu kama hao serikali ilikuwa na mpango maalumu, unaojulikana kwa kifupi TAA. Ulianzishwa mwaka 1962, enzi za Rais John F. Kennedy, kwa hoja kwamba nchi nzima ikifaidi bidhaa rahisi za nje, asiachwe peke yake yule anayezilipia kwa ajira yake. Hoja nzuri, ila masharti yalikuwa magumu kiasi kwamba hadi mwaka 1969 hakuna kundi hata moja la wafanyakazi lililokuwa limekubaliwa. Bunge liliyalegeza mwaka 1974, likaupanua mpango tena mwaka 2002.

Ombi kwanza

Msaada haukuja wenyewe. Wafanyakazi watatu au zaidi, chama chao au mwajiri alipaswa kupeleka ombi Wizara ya Kazi, nayo ichunguze kama kweli bidhaa za nje au kuhamishwa kwa uzalishaji ndiko kulikowaondoa. Aliyeachishwa zaidi ya mwaka mmoja kabla ya ombi hakuhesabiwa.

Ombi likipita, mfanyakazi alilipiwa ada ya kusomea kazi nyingine, na posho ya kila wiki iliendelea hata baada ya mafao ya kawaida ya ukosefu wa ajira kwisha. Kwa sheria ya 2002, malipo yote pamoja yaliweza kufika wiki 104, na nyingine 26 kwa aliyehitaji kwanza kuziba pengo la shule. Watu wazima wa Kannapolis walirudi darasani katika chuo cha Rowan-Cabarrus, wengine wakianzia hesabu na kusoma.

Kikwazo kilikuwa muda. Ili kupata posho, mtu alitakiwa awe ameandikishwa masomoni ndani ya wiki 16 tangu kuachishwa, au wiki 8 tangu ombi kukubaliwa, kutegemea ipi iliangukia baadaye. Mwenye mkopo wa nyumba na watoto aliamua mbio mbio: asome kwa posho ndogo, au ashike kibarua cha dukani kesho? Bima ya afya nayo serikali ilibeba asilimia 65. Asilimia 35 iliyobaki iliwashinda wengi, maana mshahara haukuwapo.

Aliyefikisha miaka 50 alikuwa na njia nyingine. Akipata haraka kazi ya mshahara mdogo, serikali ilimpa nusu ya pengo. Aliyekuwa akilipwa dola 15 kwa saa akaangukia 11, alifidiwa dola 2, mradi jumla isizidi dola 10,000 kwa miaka miwili.

Wakulima nao

Sheria hiyo ya 2002 iliwakumbuka pia wakulima na wavuvi, wakiwamo wavuvi wa kamba, wa samoni wa Alaska na wafugaji wa kambare. Bei ya zao ilipaswa iwe imeshuka angalau asilimia 20 chini ya wastani wa miaka mitano iliyotangulia, na bidhaa za nje ziwe zimechangia kwa kiasi kikubwa. Tuseme wastani ulikuwa dola 1 kwa kilo na bei ikaporomoka hadi senti 70: mkulima alilipwa nusu ya tofauti kati ya senti 70 na 80, yaani senti 5. Kikomo kilikuwa dola 10,000 kwa mwaka, na kwanza ahudhurie mafunzo.

Je, mpango ulisaidia? Tathmini ya mwaka 2012 iliyofanywa kwa ajili ya Wizara ya Kazi ilikuta kwamba miaka minne baadaye waliopitia mpango walipata kipato kidogo kuliko wenzao. Wakati wao wakisoma, wenzao walikuwa kazini. Mchumi Benjamin Hyman, aliyefuatilia watu kwa miaka 10, alikuta kinyume: waliosomeshwa walizidi kwa dola 50,000 hivi kwa jumla.

Mabishano hayo yalikuwa bado hayajaisha pale muda wa sheria ulipokwisha. Tangu Julai 1, 2022, wizara haikubali tena makundi mapya; waliokwisha kuidhinishwa ndio walioendelea kuhudumiwa. Anayeachishwa baada ya hapo hutegemea mafao ya kawaida, ambayo katika majimbo mengi hayazidi wiki 26.