Ada na Kodi za Kununua Nyumba Ndithini

Nyumba nchini Kenya haiuzwi peke yake. Kisheria, kilichojengwa ardhini ni sehemu ya ardhi hiyo, kwa hiyo anayenunua nyumba katika wadi ya Ndithini, kaunti ndogo ya Masinga, ananunua ardhi iliyobeba nyumba, na ada na kodi zote huhesabiwa kwa msingi huo. Jambo linaloamua ukubwa wa malipo ni aina ya ardhi yenyewe: je, ni ya kilimo nje ya mji, au iko ndani ya mipaka ya manispaa? Sehemu kubwa ya Ndithini ni ardhi ya kilimo, na hilo humpunguzia mnunuzi kodi lakini humwongezea hatua moja ambayo mnunuzi wa ploti ya mjini haijui.

Gharama ya kwanza ni ndogo kuliko zote na ndiyo yenye faida kubwa zaidi. Ni ada ya upekuzi rasmi wa hati, unaofanywa katika rejista ya ardhi. Rejista ina sehemu tatu: ya kwanza inaeleza ardhi na ukubwa wake, ya pili inataja mmiliki, na ya tatu inaorodhesha vizuizi. Wengi husoma jina la mmiliki na kuishia hapo, ilhali hatari huwa katika sehemu ya tatu. Humo ndimo hujulikana kama hati imewekwa dhamana ya mkopo, au kama kuna mtu ameweka zuio la kudai haki yake. Upekuzi uliofanywa miezi kadhaa iliyopita hautoshi. Unapaswa kurudiwa karibu na siku ya kulipa fedha.

Upekuzi pia hufichua tatizo la kawaida mashambani, yaani hati iliyobaki katika jina la babu au baba aliyekwisha kufariki. Sheria ya Urithi hairuhusu ardhi ya marehemu kuuzwa kabla ya mahakama kuthibitisha barua za usimamizi wa mirathi. Hata watoto wote wakikubaliana na kutia sahihi mbele ya chifu, mauzo hayo hayana nguvu. Kesi ya mirathi ina gharama na muda wake, na ni haki kabisa kwa mnunuzi kukataa kulipa chochote hadi iishe.

Baada ya hapo huja mkataba. Sheria ya Mikataba inataka mauzo ya ardhi yawe kwa maandishi, yatiwe sahihi na pande zote, na sahihi hizo zishuhudiwe. Kwa desturi mnunuzi hutoa asilimia 10 ya bei kama malipo ya awali, na salio hulipwa ndani ya muda uliokubaliwa, mara nyingi siku 90. Ada ya wakili haipangwi kiholela. Amri ya Malipo ya Mawakili, iliyorekebishwa mwaka 2014, inaweka kiwango cha asilimia 2 ya bei kwa mauzo yasiyozidi shilingi milioni 5, bila kushuka chini ya shilingi 35,000. Wakili aliyesajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani huongeza asilimia 16 juu ya ada yake, si juu ya bei ya nyumba. Kila upande unapaswa kuwa na wakili wake. Kumtumia wakili mmoja kwa wote wawili huonekana nafuu, lakini mzozo ukitokea hawezi kuwatetea wote.

Hatua inayowahusu hasa watu wa Ndithini ni kibali cha bodi ya ardhi. Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya mwaka 1967 inasema mauzo ya ardhi ya kilimo bila kibali cha bodi ni batili, na ombi linapaswa kuwasilishwa ndani ya miezi 6 tangu mkataba ufanyike. Ombi la kikao cha kawaida lina ada ndogo ikilinganishwa na malipo mengine, ila kikao maalumu kinachoitishwa kwa haraka hugharimu zaidi. Bodi humtaka muuzaji afike, na kwa kawaida hutaka kuhakikisha kwamba mke au mume na familia wanajua kinachouzwa. Hilo si usumbufu wa bure: nyumba ya familia haiwezi kuuzwa bila ridhaa ya mwenzi wa ndoa. Kibali kisipopatikana, mnunuzi anaweza kudai arudishiwe fedha zake kama deni. Mahakama zimewahi kuwalinda baadhi ya wanunuzi waliokosa kibali, lakini kesi ya miaka mingi si njia ya kupanga kununua nyumba.

Kibali kikiisha kupatikana, mthamini wa serikali hukadiria thamani ya mali, na mnunuzi hulipa ushuru wa stempu. Kiwango ni asilimia 4 kwa mali iliyo ndani ya manispaa na asilimia 2 kwa iliyo nje. Thamani inayotumika ni ile ya mthamini, kwa hiyo bei ya chini iliyoandikwa kwenye mkataba haipunguzi ushuru, na kuandika bei ya uongo ni kosa. Mnunuzi mwenye busara huweka akiba kidogo kwa sababu makadirio yanaweza kuzidi bei aliyolipa. Ushuru hulipwa kwa Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA) ndani ya siku 30 baada ya hati ya uhamisho kutiwa sahihi, na kuchelewa huleta adhabu.

Chukua nyumba iliyo kwenye ekari mbili za shamba Ndithini, inayouzwa kwa shilingi 2,000,000, na mthamini akikubaliana na bei hiyo. Ushuru wa stempu ni 40,000, ada ya wakili ni 40,000, na kodi ya ongezeko la thamani juu ya ada hiyo ni 6,400. Jumla ni 86,400 kabla ya ada za bodi, upekuzi na usajili, pamoja na malipo ya mpima ardhi anayethibitisha mawe ya mipaka. Kama mali hiyo ingekuwa ndani ya manispaa, ushuru wa stempu peke yake ungekuwa 80,000. Anayekopa benki ana gharama zaidi: ushuru wa stempu wa asilimia 0.1 ya mkopo kwa kusajili dhamana, na kwa kawaida ada ya wakili wa benki.

Kodi ya faida ya mtaji ni mzigo wa muuzaji, na mkataba haupaswi kumsukumia mnunuzi. Tangu Januari 2023 kiwango chake ni asilimia 15 ya faida, kutoka asilimia 5 ya awali. Misamaha mitatu inagusa Ndithini moja kwa moja: ardhi inayouzwa na mtu binafsi kwa bei isiyozidi shilingi milioni 3, shamba la kilimo la chini ya ekari 50 lililo nje ya mji, na nyumba ambayo mmiliki ameishi mfululizo kwa miaka 3 kabla ya kuiuza. Muuzaji anayesamehewa bado anapaswa kutangaza hivyo kwa KRA, kwani bila ushahidi huo uhamisho unaweza kukwama mezani kwa msajili.

Ikiwa kinachouzwa ni kipande tu cha shamba kubwa, kazi ya mpima huongezeka: ramani ya ugawaji huchorwa, bodi hutoa kibali cha kugawa, na hati mpya hutolewa kabla ya kipande hicho kuhamishwa. Nani analipia ugawaji huo ni suala la mapatano, na linapaswa kuandikwa mkatabani kwa maneno yaliyo wazi. Baada ya usajili, mnunuzi hupewa hatimiliki kwa jina lake, na kodi za ardhi zinazodaiwa na serikali ya kaunti huanza kumhusu yeye. Zile za nyuma zilipaswa kulipwa na muuzaji kabla ya uhamisho.