Keki za Mary na Swali Lililozuiwa

Januari 1981 polisi wa San Francisco, Marekani, waliingia nyumbani kwa Mary Jane Rathbun wakakuta zaidi ya kilo 8 za bangi na madazeni 54 ya keki za chokoleti, zote zimetiwa bangi. Mwenyewe alikuwa mama wa miaka 58, mhudumu wa mikahawa kwa sehemu kubwa ya maisha yake, na keki hizo alikuwa akiziuza. Wanaomsifu hulipitia haraka hili la kuuza. Mahakama ilimpa kifungo cha nje cha miaka 3 na saa 500 za kuitumikia jamii. Ukimwi ulipoukumba mji, Mary, ambaye binti yake alikufa katika ajali ya gari, alianza kujitolea hospitalini, katika wodi ya wagonjwa wa ukimwi, na kuwagawia keki bure. Aliwaita wanawe. Mji ukamwita Brownie Mary, kwa jina la keki zenyewe.

Je, keki hizo zilithibitisha nini? Wagonjwa walisema kichefuchefu kilipungua na hamu ya kula ikarudi. Wapinzani walijibu kwamba ushuhuda wa mgonjwa si ushahidi wa kitabibu, na hapo walikuwa na haki. Hakuna aliyepima kiasi cha bangi katika kila kipande, wala hapakuwa na kundi lililopewa keki tupu ili kulinganisha. Tena bangi inayoliwa huchelewa kupanda, pengine saa nzima au zaidi, na asiyejua huongeza kipande cha pili kisha akalemewa. Tangu 1985 vilikuwapo pia vidonge halali vya dronabinoli, yaani kiini cha bangi kilichotengenezwa maabara. Wanaharakati walidai kuwa anayetapika hawezi kumeza kidonge, lakini keki nayo si humezwa? Kwa hiyo simsomi Mary kama shahidi wa tiba. Maisha yake yalifichua jambo jingine: njia ya kuutafuta ushahidi ilikuwa imezibwa.

Julai 1992 alikamatwa kwa mara ya tatu, katika kijiji cha Cazadero, akiwa jikoni anaitia bangi kwenye mchanganyiko wa keki. Baadaye mashtaka yalifutwa. Daktari Donald Abrams, aliyetibu wagonjwa wa ukimwi katika hospitali ileile, alitaka kupima kisayansi kama bangi huwasaidia. Bangi halali ya utafiti ilitoka shamba moja tu, la Chuo Kikuu cha Mississippi, na serikali kuu ndiyo iliyoamua nani apewe. Abrams alikataliwa. Ruhusa na fedha alivipata 1997, baada ya kugeuza swali: badala ya kuuliza kama bangi inawasaidia wagonjwa, aliuliza kama inawadhuru wanaotumia dawa za VVU. Serikali iliyosema ushahidi haupo ndiyo iliyoshika ufunguo wa ghala.

Pingamizi zito zaidi linahusu siasa. Novemba 1996 wapiga kura wa California, takriban asilimia 56, waliidhinisha Pendekezo 215, lililomruhusu mgonjwa kutumia bangi kwa ushauri wa daktari. Tangu lini dawa ikapigiwa kura? Naye Dennis Peron, rafiki wa Mary na kinara wa kampeni hiyo, aliwapa wapinzani silaha aliposema kwamba kila matumizi ya bangi ni ya kitabibu. Kauli hiyo haitetewi. Lakini kura ile haikuamua kwamba bangi inaponya. Iliamua kwamba mgonjwa asifungwe wakati wataalamu wanachunguza. Uchunguzi ukiruhusiwa, huchuja: mwaka 2018 Marekani iliidhinisha dawa ya kanabidioli, itokanayo na mmea huo, kwa aina mbili tu za kifafa kikali, na baada ya majaribio yenye kundi la kulinganisha.

Mary alifariki Aprili 1999, akiwa na miaka 76. Matokeo ya Abrams yalichapishwa 2003: kwa siku 21 za majaribio, bangi haikuonekana kuongeza virusi mwilini. Utafiti wake ulioonyesha kwamba inapunguza maumivu ya neva kwa wenye VVU ulitoka 2007.