Kuvu Katika Ubongo: Tiba ya Mikono Mingi

Maumivu ya kichwa yasiyokoma si jambo la kupuuzwa kwa mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI ambaye kinga yake imeshuka. Huenda chanzo chake ni kriptokoka, kuvu aishiye katika udongo na vinyesi vya ndege, hasa njiwa. Chembe zake huvutwa pamoja na hewa. Kinga inapodhoofika, huenea kwa damu hadi katika utando wa ubongo. Pasipo tiba, mgonjwa hufa.

Ugunduzi waweza kutangulia dalili. Mtu mzima mwenye CD4 chini ya 100, na ikiwezekana chini ya 200, hupimwa damu kutafuta antijeni ya kuvu huyu, ambayo huweza kuonekana wiki kadhaa kabla ya maumivu. Muuguzi anayekumbuka kipimo hicho, na mtaalamu wa maabara anayetoa majibu siku hiyohiyo, huokoa maisha.

Antijeni ikionekana, daktari hupendekeza kuchukua maji ya uti wa mgongo. Hapo ndipo wagonjwa wengi hukataa, wakihofia kupooza. Hofu hiyo yastahili kujibiwa kwa upole: sindano huingizwa chini ya mahali mshipa mkuu wa fahamu wa mgongo unapoishia. Tena, sindano hiyo ni tiba pia. Kuvu huziba njia za maji hayo, na shinikizo likipanda huweza kupofusha au kuua. Maji yakipunguzwa, hata kwa kurudiwa kila siku, kichwa hupata nafuu.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dozi moja kubwa ya amfoterisini B ya liposomu, pamoja na flusitosini na flukonazoli kwa siku 14. Utafiti ulioleta pendekezo hilo ulifanyika katika nchi tano za Afrika, Uganda ikiwamo. Mfamasia huhakikisha dawa zote zipo. Maabara hufuatilia figo, potasiamu na wingi wa damu.

Dawa za kufubaza virusi kwa mgonjwa ambaye hajazianza hucheleweshwa kwa wiki 4 hadi 6, kwani kinga ikiamka ghafla huweza kuuvimbisha ubongo. Mshauri aieleze familia sababu hiyo, wasidhani mgonjwa ametelekezwa. Nao ndugu wahakikishe flukonazoli haikatizwi nyumbani, na maumivu yakirejea, wamrudishe hospitalini bila kungoja tarehe ya kliniki.