Kabla ya kununua deki ya Blu-ray, okoa DVD ya harusi

Mama mkwe wangu alifariki kabla binti yetu hajazaliwa. Sauti yake imebaki sehemu moja tu: kwenye DVD ya harusi yetu, pale anaposimama kutuusia. Jumapili moja binti akaomba amwone bibi. Tukaweka diski kwenye deki. Picha ilienda vizuri mpaka tunaingia ukumbini, kisha ikaganda.

"Deki imechoka," akasema baba watoto. "Tununue ya Blu-ray."

Wazazi wengi hufikiri hivyo. Kabla hujatoa fedha, jua unachonunua.

DVD iliingia sokoni mwaka 1996, Blu-ray mwaka 2006. Diski zote mbili zina upana wa sentimita 12. Tofauti ni mwanga unaozisoma: DVD husomwa kwa mwanga mwekundu, Blu-ray kwa mwanga wa buluu unaosoma alama ndogo zaidi. Ndiyo maana DVD ya tabaka moja hubeba GB 4.7, na Blu-ray GB 25. Picha ya Blu-ray huwa na mistari 1,080. DVD nyingi za kwetu zina 576. Kwenye TV kubwa utaiona tofauti.

Habari njema ni kwamba deki ya Blu-ray hucheza DVD pia, hivyo usitupe za zamani. Lakini haifanyi miujiza. Harusi iliyorekodiwa kwa ubora wa DVD itabaki hivyo, na diski iliyoharibika haitapona.

Ukiletewa deki na ndugu kutoka Marekani, angalia nyuma kama inakubali umeme wa volti 230. Pia Blu-ray za Marekani ni za kanda A, za Afrika ni kanda B. Deki ya huko inaweza kuzikataa filamu za huku.

Sasa tuje kwenye DVD ya harusi. Hiyo imechomwa kwa kompyuta, si ya kiwandani kama filamu za dukani. Kumbukumbu zake zimo kwenye rangi maalumu inayoharibiwa na jua na joto. Usiiache dirishani wala kwenye gari.

Ikianza kuganda, ifute kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni, si kwa kuzungusha. Ijaribu kwenye deki nyingine au kompyuta. Ikisoma, usingoje kesho: nakili yote sehemu mbili, kwa mfano kwenye flashi na kwenye kompyuta.

Sisi tuliazima kompyuta ya jirani. Sehemu ya kukata keki haikusomeka kabisa. Ya bibi ilisomeka.

Binti alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Mbona anacheka kama baba?"

Deki mpya tutanunua, lakini haina haraka tena.