Aliyelala Barazani Alipwe Kumtoa Mwenzake

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Ndugu zetu wa Kiislamu, reli iliyoanzia Mombasa iliwasili ziwani mwaka 1901, na tangu hapo sisi watu wa pwani hatukukosa jamaa Kisumu. Apitaye katika mji huo baada ya sala ya Isha huwaona waliojikunyata kwenye baraza za maduka: vijana wenye chupa za gundi, na kina mama wenye watoto wachanga. Si wachache kati yao ni mayatima waliotoka vijiji vya ufuoni, huko Siaya na Homa Bay. Nasi tusijione tumesalimika. Sensa ya familia za mitaani ya mwaka 2018 ilihesabu watu 2,746 katika Kisumu, na 7,529 katika Mombasa yetu. Kwa Kenya nzima walikuwa 46,639.

Serikali haikulala kabisa. Mwaka 2003 iliunda mfuko maalumu wa kuzirekebisha familia hizo, na Katiba ya 2010, katika kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya makazi yanayofaa. Suala letu ni hili: fedha ya umma ikitoka, nani apewe kazi? Anayelala njiani akimwona askari wa kaunti hukimbia, kwani ndiye aliyemfukuza jana. Msichana aliyedhulumiwa usiku huona haya kumweleza karani mwanamume. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Lakini aliyelala kwenye baraza ile ile, kisha akaacha gundi na kupata chumba na kazi, ndiye ajuaye mwenzake yuko wapi, anamwogopa nani, na siku gani moyo wake u tayari kuondoka.

Tuna mfano wetu. Katika msikiti wa Madina walikuwapo Watu wa Suffa, masahaba wasio na mali wala jamaa wa kuwapokea. Siku moja Mtume (s.a.w.) aliletewa bakuli la maziwa, akamtuma Abu Hurayra awaite wenzake na kuwanywesha. Abu Hurayra alikuwa mmoja wao, tena mwenye njaa kali. Aliwahudumia wote hadi wakatosheka, naye akanywa baada yao, na Mtume mwenyewe akanywa wa mwisho. Mtu huyo wa Suffa ndiye ambaye baadaye Sayyidna Umar alimpa uongozi wa Bahrain.

Pengine mtu atasema: wafanye kazi hiyo kwa thawabu tu. Tumrejeshe kwenye Suratut-Tawba, aya ya 60. Katika mafungu manane ya zaka, Mwenyezi Mungu ameweka fungu la wanaoishughulikia zaka yenyewe. Thawabu haikuondoa ujira. Aliyetoka barazani juzi ana kodi ya chumba ya kulipa. Akifanyishwa kazi bure, tutamrudisha pale pale alipotoka.

Wala si jambo geni huko Nyanza. Katika kliniki zake, kina mama wanaoishi na virusi vya Ukimwi wamekuwa wakiwaongoza wajawazito wenye hali kama yao, ili watoto wazaliwe salama. Sehemu kubwa ya kazi za namna hiyo ilitegemea fedha za wafadhili. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, wengi waliachishwa kazi ghafla. Huduma iegemeayo mkono wa mgeni huanguka mgeni akiondoka. Ndiyo sababu tunasema fungu hili liwe katika bajeti yetu wenyewe.

Wako wanaohofu kuwa fedha hizo zitaliwa. Hofu hiyo ni ya haki, lakini dawa yake ni hesabu. Ziandikwe, zikaguliwe, na wasomewe hadharani wale waliokusudiwa kuhudumiwa. Wachaguliwe wahudumu walioimarika, wakiwemo wanawake, na wapewe mafunzo na msimamizi.

Basi tufanye nini? Kila mwaka makadirio ya bajeti hufikishwa kwenye bunge la kaunti kabla ya Aprili kumalizika, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Kifungu cha 201 cha Katiba kinataka wananchi washirikishwe. Kina mama, msiwaachie wanaume vikao hivyo. Ninyi ndio mnaojua gharama ya kulea. Ulizeni mwaka huu, Kisumu na Mombasa: fungu la wasio na makao ni shilingi ngapi, na katika wanaolipwa kwa fungu hilo, wangapi waliwahi kulala njiani?

Mwenyezi Mungu atuwafikishe, na awasitiri wote wasio na paa usiku huu. Amin.