Kifaa cha Kusikia Kinachoungana na Simu: Kipi Kitamfaa Mama?

"Mnanisema," alisema mama mkwe. Akaweka kikombe cha chai chini, akaenda zake chumbani.

Siku ile nilikuwa jikoni na wifi yangu, tunachambua mchele na kuzungumza juu ya harusi ya jirani. Hatukuwa tunamsema hata kidogo. Lakini yeye aliona midomo inacheza na kicheko kikafuata, naye hakusikia neno. Mtu atadhani nini? Tangu alipokuja kukaa nasi hapa Babati kutoka Gallapo, baada ya baba mkwe kufariki, mambo yalikuwa yakienda hivyo. Aliacha kwenda jumuiya. Aliacha hata kupokea simu za dada yake aliyeolewa Kondoa, kwa kuwa alichoka kuuliza, "Unasemaje?" Nami nakiri mbele yenu, akina mama wenzangu, nilikuwa na kosa langu. Akiniomba nirudie nilichosema, mara nyingi nilimjibu, "Basi mama, si kitu." Sikujua kwamba neno hilo ndilo lililomwumiza kuliko yote.

Hatuko peke yetu. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake kubwa juu ya usikivu ya mwaka 2021, lilisema kwamba watu zaidi ya milioni 430 duniani wanahitaji msaada kwa sababu ya kupungua kusikia, na wengi wao wako katika nchi kama zetu. Wazee ni wengi kati yao. Ndani ya nyumba wazee hao huitwa wakaidi, wenye kununa, au wameanza kupotewa na akili, kumbe ni masikio tu.

Sasa huyu shemeji yangu wa Arusha, ambaye anapenda vitu vya kisasa, akatuma kwenye simu ya baba watoto picha za vifaa vya kusikia vinavyoungana na simu janja. Vidogo kama punje ya haragwe, vya kupendeza. "Mnunulieni mama hivi," alisema. Ndipo nilipoanza kuuliza, kusoma na kulinganisha, na nimeona niwashirikishe niliyoyapata, kwa maana fedha inayohitajika ni nyingi na kosa lake ni ghali. Sisi tuliuza mtamba mnadani.

KABLA YA SIMU, SIKIO LENYEWE

Kosa letu la kwanza tulilifanya mapema. Tulinunua kikuza sauti katika duka moja hapa mjini, kile cha bei nafuu kinachotundikwa sikioni. Mama alikivaa siku mbili, akakirudisha mezani. Alisema sahani zinamgongea kichwani na pikipiki zinapita ndani ya sikio, lakini maneno bado hayasikii.

Baadaye nilielewa sababu. Mzee anapopungukiwa kusikia, kwa kawaida sauti nyembamba ndizo zinazopotea kwanza, nazo ndizo zinazobeba herufi kama s, f, t na sh. Kwa hiyo anasikia kwamba umesema, ila hajui kama umesema "fika" au "shika", "pata" au "kata". Kikuza sauti hukuza kila kitu sawasawa. Kifaa halisi cha kusikia, ambacho wengine hukiita shime sikio, hupangwa kikuze zaidi zile sauti zilizopotea na kuziacha zile zinazosikika bado. Mpangilio huo hautoki hewani. Unatoka kwenye kipimo.

Tukampeleka hospitali ya rufaa. Daktari wa masikio alichungulia, akatoa nta ngumu iliyoziba sikio la kulia, na mama akashtuka jinsi alivyosikia viatu vya nesi. (Kama tungenunua kifaa siku ile ya picha, tungekipachika juu ya nta!) Kisha akaingizwa katika chumba kimya, akavishwa vipokea sauti, akawa anabonyeza kila anaposikia mlio. Matokeo yalichorwa katika karatasi moja yenye mistari. Karatasi hiyo itunzeni kama cheti cha ndoa, kwa sababu kila mtaalamu atakayefuata ataiomba. Kwa sisi wa Babati hospitali kubwa ya kanda ni KCMC kule Moshi, yenye idara ya masikio, pua na koo. Ni safari ya kilomita karibu 250, na umbali huo ukumbukeni, nitaurudia.

Ipo pia programu ya bure ya Shirika la Afya Duniani iitwayo hearWHO, iliyotolewa mwaka 2019, ambayo humpima mtu kwa simu. Inafaa kumshawishi mzee mbishi akubali kwenda hospitali. Haitoshi kununulia kifaa.

SIMU YA NANI, NA NI SIMU GANI?

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, maana si kila kifaa kinazungumza na kila simu.

Vifaa vya kwanza kuungana moja kwa moja na simu vilitoka mwaka 2014, vya ReSound ya Denmark na Starkey ya Marekani, navyo vilitengenezwa kwa ajili ya iPhone. Tazama mikononi mwa watu pale stendi ya Babati: Tecno, Itel, Infinix, Samsung. iPhone ni chache. Mwaka 2018 Google ilitangaza njia ya namna hiyo kwa simu za Android, inayoitwa ASHA, lakini ni juu ya kila mtengenezaji wa simu kuiweka au kuiacha, na simu nyingi za bei ya kawaida hazinayo. Unaweza kununua kifaa kizuri sana cha Oticon, ReSound au Signia, ukafika nyumbani na kukuta simu yako haikijui. Kitafanya kazi sikioni, ndiyo, bali ile sehemu ya simu uliyoilipia itakuwa bure.

Phonak, ya Uswisi, ilikwenda njia nyingine. Tangu mwaka 2017 ilianza kutoa vifaa vinavyotumia Bluetooth ile ya kawaida, ambayo hata simu ndogo ya vitufe huwa nayo. Nilipolisikia hili niliruka, kwa sababu mama mkwe ana kiswaswadu chake na hataki kingine. Jambo jingine la kuuliza ni mdomo. Katika vifaa vingi vya iPhone vya miaka ya nyuma, sauti ya anayepiga huingia sikioni, lakini wewe ni lazima ushike simu karibu na mdomo ili usikike. Katika hivyo vya Phonak kifaa chenyewe huchukua sauti yako, na simu inaweza kukaa mfukoni. Vifaa vipya vya kampuni nyingine navyo vimeanza kufanya hivyo kwa simu mpya.

Sifanyi biashara ya kampuni yoyote. Ninalosema ni hili: nenda dukani na simu ile ile atakayoitumia mzee, iunganishwe mbele ya macho yako, apigiwe, azungumze, ndipo mkubaliane bei.

Na zile AirPods Pro 2 ambazo vijana wanasema zimekuwa kifaa cha kusikia? Ni kweli, mamlaka ya Marekani iliziruhusu mwezi Septemba 2024. Ila ni kwa watu wazima ambao usikivu umepungua kidogo au kwa wastani, zinataka iPhone, chaji yake ni ya saa chache, na huduma hiyo haijafunguliwa katika kila nchi. Kwa mama zetu wengi, bado.

UMEME, VUMBI NA UMBALI

Vifaa vingine ni vya kuchaji kila usiku katika kikasha chake, vingine hutumia betri ndogo za kubadilisha. Mjini watu wengi hupenda vya kuchaji, na kwa mzee ambaye vidole vimekakamaa ni nafuu kweli, maana betri hizo ni ndogo kama kifungo cha shati. Lakini ikiwa umeme hukatika mara kwa mara mnapoishi, au mzee anapenda kurudi kijijini wiki mbili, fikirini tena. Betri ya namba 13, yenye kibandiko cha rangi ya machungwa, hukaa kama wiki moja hadi mbili, na hupungua haraka zaidi kadiri simu zinavyozungumzwa kupitia kifaa. Ukishabandua kibandiko iache ipate hewa dakika moja kabla ya kuifungia ndani. Iwekwe mbali na watoto, kwani kuimeza ni hatari kubwa. Wenzetu wa Otse huko Botswana walitengeneza chaja ya jua kwa ajili ya betri za vifaa vya kusikia, jambo ambalo nadhani lingetufaa sana huku kwetu.

Vumbi la Babati wakati wa kiangazi hamhitaji nilieleze. Tafuta maandishi IP68: ile 6 ni ya kuzuia vumbi, na 8 ni ya maji. Pia vile vidogo vinavyoingia ndani kabisa ya sikio hupendeza kwa kujificha, lakini mara nyingi havina nafasi ya Bluetooth, hupotea upesi, na nta huviziba. Kile cha kukaa nyuma ya sikio, chenye kizibo kilichofinyangwa kwa umbo la sikio lake, ni kigumu zaidi.

Sasa ule umbali. Kati ya mambo yote ambayo simu inaongeza, mimi naliweka moja mbele ya mengine: kurekebishwa ukiwa nyumbani. Kifaa kipya hakipatiwi siku moja. Wiki za kwanza mtu husema sauti yake inatoka kwenye pipa, au karatasi zinapiga kelele, na mtaalamu hupunguza hapa na kuongeza pale mara mbili tatu. Zamani kila mara ilikuwa nauli ya kwenda na kurudi, na wazee wengi walikata tamaa, kifaa kikaishia kabatini. Sasa kampuni kubwa zina njia ya mtaalamu kurekebisha kifaa kupitia intaneti, mzee akiwa amekaa kwenye kochi lake. Lakini muulize muuzaji kabla ya kulipa: "Je, ninyi wenyewe mnaitoa huduma hiyo?" Kifaa kinaweza kuwa nayo, na fundi asiwe nayo.

Huduma hii inataka simu janja yenye bando. Si lazima iwe ya mzee. Programu ya kifaa chetu iko katika simu yangu, na humo naona pia betri imebaki kiasi gani na mahali kilipoonekana mara ya mwisho kikipotea. Ila hapa pana jambo la heshima. Siku ya kwanza niliposhusha sauti bila kumwambia, mama mkwe alinitazama akasema, "Kwa hiyo sasa masikio yangu unayo wewe?" Nikaomba radhi. Tangu siku hiyo sigusi bila ruhusa yake.

Mapambo mengine hayakunishawishi. Starkey ina vifaa vinavyohesabu hatua na kutoa taarifa mtu akianguka. Hiyo ya kuanguka naielewa, kwa mzee anayeishi peke yake. Kuhesabu hatua? Mama anakwenda kwa miguu mpaka Bonga na kurudi, na hajawahi kutaka hesabu.

KANISANI, NA KWA WATOTO

Mahali pagumu kuliko pote ni kanisani, penye ngoma, spika na watu wengi. Mwenye iPhone na kifaa kinachopatana nayo anaweza kuiweka simu juu ya mimbari, nayo ikamletea sauti ya mchungaji sikioni. Huduma hiyo huitwa Live Listen. Kampuni nyingine huuza kipaza sauti kidogo cha kubandika kwenye vazi la msemaji. Kuna njia mpya iitwayo Auracast, iliyotangazwa mwaka 2022, ambayo kanisa linaweza kurusha sauti kwa vifaa vyote vinavyoipokea kwa pamoja. Pasipo hayo, kiti cha mbele hakilipiwi. Katika Marko sura ya 7, Yesu alimtoa yule kiziwi pembeni, mbali na makutano, kabla ya kumponya. Mtaalamu wetu naye alitushauri hivyo hivyo: mzungumzishe mbali na kelele, uso kwa uso.

Mama mwenye mtoto asiyesikia vizuri asifuate makala hii kwa kununua. Mtoto apimwe mapema iwezekanavyo, kila mwezi una thamani. Kizibo chake hubadilishwa kadiri sikio linavyokua, na mlango wa betri uwe wa kufungwa. Sikio linalotoa usaha litibiwe, lisitiwe mafuta.

Na asiye na uwezo wa kununua chochote? Mwaka 2017 Google iliifundisha simu kuandika Kiswahili kinachosemwa. Mwandishi huyo wa bure amewasaidia wengi kusoma yale wasiyoyasikia. Tulimjaribu nyumbani, akaandika vizuri mpaka mama na wifi walipogeuza maneno kuwa Kigorowa. Hapo simu ikaandika maajabu.

Fedha ya mtamba ilitosha sikio moja tu. Mtaalamu alisema mawili yangefaa zaidi, nasi tunajua, tunaweka akiba. Tulichagua cha kukaa nyuma ya sikio, cha betri namba 13, kinachokubali kiswaswadu. Shemeji alinuna kidogo.

Wiki ya tatu hivi, jirani alinijia mbio kutoka upande wa pili wa uzio, kanga haijakaa sawa. Alikuwa amemwona mama chini ya mparachichi, mikono ikimenya maboga, hana simu mkononi, anacheka na kubishana na mtu asiyeonekana.

"Dada, mama ameanza lini kuongea peke yake?"

"Siyo peke yake," nikamwambia. "Anaongea na Kondoa."